Namna ya Kutambua Karatasi Zisizo za Kawaida katika Stempu: Mwongozo Kamili kwa Wakusanyaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wakusanyaji wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe hukwama mahali pamoja. Mtu huwa na stempu mbili zenye picha ileile, thamani ileile na meno yaleyale, yaani vichongo vya kingo zake. Katalogi humweleza kuwa moja ilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki na nyingine kwenye karatasi ya kawaida iliyong'arishwa, naye akizitazama usiku chini ya balbu ya sebuleni haoni tofauti yoyote, au huona tofauti ambayo haipo. Mfululizo wa stempu za samaki uliotolewa na Tanzania mwaka 1967 ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa ulianza kwenye karatasi ya chaki, ukachapwa tena miaka ya mwanzo ya 1970 kwenye karatasi iliyong'arishwa, na hadi leo umejaa katika bahasha za zamani majumbani.

Kinachowaangusha wengi ni mpangilio wa kazi, wala si macho mabovu. Wengine huipima stempu moja peke yake bila ya kulinganishia, na wengine huanza na jaribio linaloiharibu kabla ya kumaliza yale yasiyo na madhara. Hatua zifuatazo zimepangwa kutoka jaribio salama kabisa hadi lile la hatari, na, ukiacha ile ya 8, hazifai kurukwa hata pale unapodhani kuwa umekwisha kupata jibu.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa kibano cha stempu chenye ncha bapa zisizo na meno. Lenzi ya kukuza mara 10, ambayo mafundi saa huwa nayo. Kigae au sahani nyeusi inayong'aa. Kitochi kidogo chenye mwanga mweupe. Na kitochi cha mionzi ya urujuanimno, kile kinachotumika kukagulia noti bandia. Kama unamfahamu fundi wa mashine mwenye maikromita inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita, mwombe uitumie palepale karakanani kwake, kwani si lazima kununua.

Utahitaji pia karatasi nyeupe ya kunyonya maji isiyo na harufu wala maua, kitabu kizito, bakuli la maji safi, daftari, na kichupa cha mafuta ya naftha yanayojazwa kwenye viberiti vya chuma.

Usibadilishe naftha kwa petroli ya kituo cha mafuta wala kwa mafuta ya taa. Petroli ya magari huwa na rangi na viungio vinavyobaki kwenye nyuzi za karatasi, na mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotoka.

Hatua ya 1: Tengeneza seti ya kulinganishia

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na bila hiyo zilizobaki hazina maana. Maneno ya katalogi kama "nyeupe zaidi", "nene" au "yenye kung'aa" ni ya kulinganisha, nayo hayawezi kutafsiriwa kwa stempu iliyo peke yake mezani.

Chagua stempu za bei ndogo ambazo karatasi yake unaijua bila shaka yoyote. Kwa mfululizo wa samaki njia ya uhakika ni muhuri wa posta. Stempu yenye muhuri unaosomeka wa mwaka 1968, uwe wa Mbeya, wa Iringa au wa mahali pengine popote, haiwezi kuwa ya karatasi iliyong'arishwa, kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika. (Usishangae kukuta muhuri wa Kampala au wa Nairobi, kwani wakati huo stempu za Tanzania zilikubalika pia Uganda na Kenya.) Tafuta chache za namna hiyo, ziweke kwenye ukurasa wake, na uandike pembeni sababu ya kuziamini.

Kumbuka kuwa muhuri wa baadaye hauthibitishi kinyume chake. Stempu iliyogongwa mwaka 1974 inaweza kuwa ya karatasi yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa akiba ya zamani iliendelea kuuzwa.

Umefanikiwa pale unapokuwa na angalau stempu moja ya uhakika kwa kila aina ya karatasi unayotaka kuitambua. Ukikosa ya aina ya pili, endelea na kazi, lakini majibu yako yote yabaki kuwa ya muda.

Hatua ya 2: Safisha na kausha stempu zilizotumika

Karatasi ya bahasha iliyobaki nyuma huongeza unene, huficha alama ya maji (umbo lililotiwa ndani ya karatasi ilipotengenezwa) na hubadilisha rangi. Iweke stempu ielee uso juu kwenye maji ya baridi hadi iachie yenyewe, kisha iweke kwenye karatasi ya kunyonya maji na uikandamize kwa kitabu. Wakati wa masika, hasa Tukuyu na Mufindi ambako unyevu haukatiki, iache muda mrefu zaidi na ubadilishe karatasi ya kunyonyea, la sivyo itaota ukungu ambao baadaye utaudhania kuwa ni rangi ya karatasi.

Kuna maonyo manne hapa. Kwanza, usitumie sabuni ya unga. Sabuni hizo huwa na kemikali ya kung'arisha nguo, nayo ikiingia kwenye karatasi stempu itang'aa chini ya urujuanimno na kukudanganya katika hatua ya 7. Bahasha nyeupe za kisasa zina kemikali hiyohiyo, kwa hiyo usiziloweke katika bakuli moja na stempu za zamani.

Pili, bahasha za kaki na zile zenye pambizo za rangi nyekundu na buluu hutoa rangi, na kila moja ilowekwe peke yake. Tatu, stempu za enzi za Mfalme George wa Tano wa Uingereza zenye wino wa zambarau au kijani zisizamishwe kabisa, kwa kuwa wino wake ulitengenezwa makusudi uyeyuke mtu akijaribu kufuta muhuri. Ziweke juu ya karatasi iliyolowa na usubiri gundi ilainike.

Onyo la nne ni zito kuliko hayo. Bahasha nzima yenye muhuri wa Neu-Langenburg, jina ambalo Wajerumani waliiita Tukuyu, au yenye stempu za Nyasaland (Malawi ya leo) zilizogongwa chapa ya N.F. kwa ajili ya majeshi yaliyoingia kusini-magharibi mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1916, isikatwe wala isiloweshwe. Thamani yake imo katika ukamilifu wake.

Stempu mpya zenye gundi hazioshwi. Nazo zikijikunja wakati wa kipupwe kwa sababu hewa ni kavu, usizinyooshe kwa nguvu.

Hatua ya 3: Soma uso wa karatasi kwa mwanga wa pembeni

Kaa karibu na dirisha lenye mwanga wa nje usio wa jua la moja kwa moja, wakati wa mchana ambapo ukungu umekwisha kupanda. Shika stempu kwa kibano usawa wa macho, kisha iinamishe taratibu hadi mwanga uteleze juu ya uso wake. Fanya hivyo kwa stempu yako na ya kulinganishia zikiwa bega kwa bega. Usiangalie picha, angalia sehemu zisizochapwa, yaani pambizo na ncha za meno.

Mng'ao peke yake hautoshi kutoa hukumu, kwa kuwa karatasi ya chaki nayo inaweza kung'aa ikiwa mpya, na ile iliyong'arishwa hufifia ikioshwa. Hapo ndipo lenzi inapoingia kazini.

Chini ya lenzi, pambizo ya karatasi ya chaki huonekana kama ukuta uliopigwa lipu laini: nyuzi za karatasi zimezibwa, na wino umekaa juu ya tabaka hilo huku kingo za rangi zikiwa zimekatika vizuri. Tafuta sehemu yenye mkunjo au jino lililopinda. Tabaka la chaki hupasuka hapo na kuacha mstari mweupe wenye magamba madogo, wakati mwingine wino ukiwa umebanduka pamoja nalo. Katika karatasi ya kawaida nyuzi huonekana, ingawa zimelazwa bapa, na mkunjo hulegea bila kupasuka kwa magamba.

Jino lililopinda ni ushahidi bora kuliko uso mzima uliosalia. Ndiyo maana stempu mbovu mbovu zisitupwe, kwani katika kazi hii zinafundisha kuliko zile safi.

Umefanikiwa pale unapoweza kuchanganya stempu sita, ukazitenga bila kutazama muhuri, na ukirudi kusoma tarehe ukute hakuna ya 1968 iliyoangukia upande wa zilizong'arishwa.

Hatua ya 4: Imulike, kisha tafuta alama ya maji

Weka kitochi cheupe nyuma ya stempu. Karatasi nyingi zitaonesha mawingu yasiyo na mpangilio. Ukiona mistari sambamba iliyonyooka, iliyo ndani ya karatasi yenyewe na isiyokatizwa na picha, hiyo ni karatasi ya mistari, ambayo ni aina tofauti. Ukiona nyuzi ndogo za rangi zilizotawanyika, ziguse kwa ncha ya kibano: zilizomo ndani ya karatasi hazisogei, lakini uzi wa nguo uliong'ang'ania juu utasogea.

Baada ya hapo geuza stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi. Alama ya maji ni mahali ambapo karatasi ilifanywa nyembamba zaidi ilipotengenezwa, hivyo weusi wa kigae hupenya pale kwa urahisi. Isipoonekana, ongeza tone moja au mawili ya naftha.

Fungua dirisha kwanza. Mvuke wa naftha huwaka upesi na hutambaa chini, kwa hiyo chumba chenye jiko la mkaa, kama tuzoeavyo hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba, si mahali pa jaribio hili hata kama jiko liko kona ya mbali. Usiitumie pia kwa stempu yenye muhuri wa wino wa zambarau, wala kwa stempu ya kisasa ambayo hujajaribu nakala yake mbovu, kwa kuwa baadhi ya wino za uchapaji wa fotogravua huyeyuka.

Tazama mara tu tone linapoenea. Karatasi hugeuka ya kijivu, alama hujitokeza ikiwa nyeusi zaidi kwa sekunde chache, kisha hufifia naftha inapokauka. Chora ulichokiona papo hapo, kwa sababu kumbukumbu huongeza mistari ambayo haikuwapo.

Stempu za Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, zenye picha ya boti ya Kaiser, mfalme wao, ni mazoezi mazuri. Zile za mwaka 1901, zenye thamani ya pesa (jina la sarafu ndogo ya koloni hilo), hazina alama ya maji. Zile za heller, sarafu ndogo iliyofuata, zilizoanza mwaka 1905, zipo zisizo na alama na zenye alama ya maumbo ya almasi yaliyoungana. Kwa stempu za makoloni ya Waingereza, alama ya taji dogo na herufi CA (Crown Agents, mawakala wa serikali ya Uingereza) za kawaida zikijirudia ilitumika kuanzia 1904, na ile yenye CA za mwandiko wa mkono ilianza mwaka 1921. Stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa chapa ya G.E.A. (German East Africa) zipo kwa alama zote mbili, na wengi huziweka katika fungu moja bila kuzipindua.

Doa lililochunwa na karatasi ya kubandikia albamu nalo huwa jeusi chini ya naftha. Tofauti ni kwamba alama ya maji hurudia umbo linalojulikana, ilhali doa lililochunwa halina umbo wala usawa.

Hatua ya 5: Pima rangi ya karatasi, siyo rangi ya uchafu

Hapa ndipo matumaini mengi hufia. Stempu iliyokaa kwenye moshi wa jikoni, iliyomwagikiwa chai, au ambayo gundi yake imezeeka, hugeuka njano na kumfanya mwenyewe aamini kuwa amepata karatasi adimu.

Mifano halisi ya karatasi ya rangi ipo, tena inaihusu nchi hii. Miongoni mwa stempu za N.F., ile ya peni 3 na ile ya peni 4 zilichapwa kwenye karatasi ya njano, na ile ya shilingi 1 kwenye karatasi ya kijani. Stempu ya senti 25 ya Afrika Mashariki na Uganda ya enzi za George wa Tano inatambuliwa kwa aina kadhaa: ya njano yenye mgongo mweupe, ya njano ya limau, ya rangi ya chungwa iliyochanganyika na kaki, na ya njano iliyopauka.

Ili kuzitenga, chukua lenzi na uangalie ncha za meno, mahali ambapo nyuzi zilichanika stempu ilipotenganishwa na mwenzake. Rangi ikiwa ilichanganywa kwenye majimaji ya karatasi tangu kiwandani, nyuzi hizo zitakuwa na rangi hadi ndani. Rangi ikiwa ilipakwa mbele tu, utaona kiini cheupe na mgongo mweupe. Doa la chai au moshi halifuati utaratibu wowote kati ya hiyo: huwa zito kwenye kingo, hupungua katikati, na mara nyingi hukatika mahali ambapo stempu nyingine iliifunika.

Linganisha migongo miwili kwa wakati mmoja, juu ya karatasi nyeupe, kwa mwanga wa mchana pekee. Balbu ya manjano huifanya kila karatasi kuwa ya limau.

Hatua ya 6: Unene na mwelekeo wa nyuzi

Karatasi nyingi za stempu huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo tofauti ya sehemu mbili za mia inahesabika na vidole haviwezi kuipima kwa kuaminika. Tumia kishikio cha maikromita kinachoteleza chenyewe kikifika kikomo ili usiibane karatasi. Pima mahali kadhaa mbali na meno, muhuri na doa lolote lililochunwa, na linganisha stempu yenye gundi na yenye gundi tu, kwa kuwa gundi nayo ina unene.

Mwelekeo wa nyuzi hupatikana kwa njia rahisi. Laza stempu isiyo na gundi kwenye kiganja chenye unyevu kidogo. Upande uliolowa hutanuka, na stempu hujikunja kama bomba ambalo mhimili wake unafuata nyuzi. Andika kama bomba limesimama au limelala ukilinganisha na picha. Kipimo hiki hakitoi jina la karatasi, lakini stempu mbili zinazojikunja kinyume hazikukatwa kwa mwelekeo mmoja, na hilo linatosha kukurudisha kwenye katalogi.

Hatua ya 7: Mionzi ya urujuanimno

Fanya jaribio hili kwenye giza, na usiielekeze mionzi machoni. Kemikali za kuongeza weupe (ambazo si ule mng'ao wa karatasi iliyong'arishwa) zilienea katika viwanda vya karatasi kuanzia miaka ya 1950; karatasi iliyo nazo hutoa mng'ao mweupe wenye ubuluu, na isiyo nazo hubaki imezubaa.

Stempu ya George wa Tano inayong'aa hivyo ina tatizo: ama ni ya kughushi, ama imetiwa kiraka mgongoni, ama ilioshwa pamoja na bahasha ya kisasa. Tazama mbele na nyuma. Uchafu wa kuoshwa kwa kawaida huonekana kwa mabaka, na kiraka huwa na mpaka.

Hatua ya 8: Jaribio la fedha, kama limebaki kuwa la lazima

Fedha halisi ikipitishwa juu ya karatasi ya chaki huacha mstari wa kijivu unaofanana na wa penseli. Kwenye karatasi ya kawaida haiachi kitu. Mstari huo haufutiki na hushusha thamani. Kwa hiyo tumia nakala iliyochanika ya toleo lilelile, au ukingo wa shiti, yaani karatasi nzima ya stempu kabla hazijatenganishwa, na gusa kwa urefu usiozidi milimita mbili.

Sarafu za sasa hazifai, kwa kuwa hazina fedha. Rupia ya zamani ya Kijerumani ina fedha asilimia 91.7 na inafaa. Shilingi za Afrika Mashariki zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1946 zina robo tu ya fedha, hivyo ukikosa mstari kwa kutumia hizo usikate shauri haraka. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya chaki unayoijua.

Kwa maoni yangu, anayeisoma vizuri pambizo katika hatua ya 3 hatahitaji jaribio hili zaidi ya mara chache, nayo yatosha kumthibitishia kuwa macho yake yanasema kweli. Inafaa zaidi kwa stempu kama ile ya pauni 1 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya George wa Sita yenye meno 14 kwa kila sentimita mbili, iliyopo kwa karatasi ya chaki na kwa karatasi ya kawaida ya wakati wa vita, lakini hiyo ni ghali, na stempu ghali haikwaruzwi. Mpelekee mtaalamu anayetoa cheti.

Hatua ya 9: Andika uamuzi na ushahidi wake

Kwa kila stempu andika kikaratasi chenye tarehe ya muhuri kama inasomeka, ulichokiona kwenye pambizo, alama ya maji pamoja na mchoro wake, rangi ya ncha za meno, unene, mwelekeo wa nyuzi na matokeo ya urujuanimno. Mbele ya aina ya karatasi weka moja kati ya maneno matatu: hakika, huenda, au haijulikani. Stempu ipite kwenye "hakika" pale tu majaribio mawili yasiyotegemeana yanapokubaliana, kwa mfano pambizo na tarehe ya muhuri, au alama ya maji na ncha za meno.

Zilizo kwenye "huenda" zitenge katika ukurasa wake, na kila unapopata stempu mpya ya uhakika zirudie zote kuanzia hatua ya 3. Ukiuza au kubadilishana, kabidhi stempu pamoja na kikaratasi chake, na kama neno lililoandikwa ni "huenda", bei iwe ya karatasi isiyo adimu.